Daktari alinikataza kuongea wiki tatu, ndipo nikamsikia binti yangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, na shikamoo kwa wanaostahili.

Mimi humu ni mtu wa kusoma tu. Miaka mingi nasoma nyuzi zenu nikiwa nimekaa juu ya robota la mapazia hapa Kariakoo, nacheka peke yangu, nafunga simu naendelea na kazi. Leo ndiyo mara ya kwanza nafungua uzi wangu mwenyewe. Ninachoandika kimenitokea mimi, sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu mwanangu ameshajua kusoma na siku moja anaweza kupita humu.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Nianze na mimi ni nani.

Nimezaliwa Ilala, nimekulia Ilala, nimeolewa Ilala. Mama yangu alikuwa anauza mitumba Mchikichini, nguo za watoto. Nilipokuwa na miaka saba, nane hivi, nikitoka shule nilikuwa napitia kwake, na kazi yangu ilikuwa kuita wateja.

Mama sauti yake ndogo, ya upole. Hata akikasirika ilibidi umsogelee ndiyo ujue amekasirika. Mimi nikapewa sauti ya watu wawili. Nilikuwa nasimama juu ya kigoda natangaza nguo, nawatungia wapita njia maneno. "Mama mwenye kitenge cha njano, mwanao kaniambia analitaka hili gauni." Watu wanacheka, wanasogea, mama anauza.

Wauzaji wa meza za jirani walikuwa wanamwambia mama, huyu mtoto mpeleke redioni.

Mwenzenu nikalichukua hilo neno kama lilivyo. Nikawa nasoma taarifa ya habari jikoni nimeshika mwiko. Shuleni kila sherehe risala nasoma mimi. Nilipomaliza kidato cha nne nikasoma kozi fupi ya utangazaji, chuo kidogo tu cha ghorofani, mtaa wa pili kutoka nyumbani. Na siku ikafika, redio moja ikaniita kufanya majaribio ya sauti.

Wakati huo nina kama mwaka kwenye ndoa na nina mimba ya miezi miwili, na ile mimba ilikuwa ya kutapika sio mchezo. Nilisoma sentensi tatu nikaomba ruhusa ya kutoka. Nikarudi, nikasoma mbili, nikatoka tena. Kaka aliyekuwa ananisikiliza alikuwa mstaarabu. Akaniambia, "Sauti unayo dada. Nenda kajifungue salama, ukipata nguvu uje."

Nilienda mtoto akiwa na miezi minne. Yule kaka alishahama, na niliyemkuta hakujua hata naongelea nini.

Sikulia. Nilisema nitarudi mwakani. Wanawake wenzangu mnajua mwakani inavyokuwa ukiwa na mtoto wa kunyonyesha.

Kariakoo ndiko nilikopata pa kushika. Ukipita ile mitaa ya mapazia na mashuka utasikia maduka yanaongea. Kila mlango una spika, kila spika ina mtu wake. Mengine wameweka klipu iliyorekodiwa inajirudia kutwa nzima, mengine kuna mtu kabisa ameshika maiki anaongea. Mimi nilikuwa vyote viwili kwenye duka moja la mapazia. Asubuhi na jioni, watu wakiwa wengi, naongea mwenyewe. Mchana jua likiwaka wanaweka klipu yangu.

Msidharau ile kazi. Watu wanaona ni kupiga kelele tu. Ukweli ni kwamba unatakiwa umwone mtu anavyotembea ujue ni wa kununua au wa kukatisha, umwambie neno moja la kumsimamisha bila kumuudhi. Nilikuwa najua kazi yangu, na mtaa ulikuwa unanijua.

Mwenye duka tumwite Mama Hansa. Ni mama wa Kihindi, mtu mzima, kwao wamezaliwa hapahapa mjini tangu mababu, na Kiswahili chake kimenizidi hata mimi. Mkali kwenye kazi, lakini hajawahi kunidhalilisha hata siku moja.

Mume wangu yuko bandarini, anaingia kwa zamu kwenye upakuaji. Mtu wa maneno machache. Tukiwa nyumbani naongea mimi, yeye anatabasamu. Nilikuwa naona tunapatana sana kwa mtindo huo.

Sasa tuje kwa binti yangu, tumwite Nasra.

Nasra alianza kuongea mapema na alikuwa anaongea vizuri tu. Alipofika miaka minne, ghafla maneno yakaanza kukwama. Mwanzoni tulidhani anaiga mtu. Baadaye tukadhani itaisha yenyewe. Haikuisha. Ana miaka tisa sasa, yuko darasa la nne, na ana kigugumizi.

Kwa asiyejua kigugumizi kikali kikoje, sio kurudia herufi tu kama watu wanavyoigiza kwenye vichekesho. Kuna wakati neno linagoma kabisa. Unamwona mtoto mdomo uko wazi, shingo imekaza, macho yanaangalia pembeni, na hakuna kinachotoka. Wewe mama umesimama hapo. Neno unalijua, liko mdomoni kwako, tena wewe ni mtu wa maneno.

Ushauri nilipewa kila aina. Wengine waliniambia nimlishe ulimi wa mbuzi, nikamlisha. Wengine wakasema nimshtue akiwa hana habari, hilo nilikataa. Mama yangu alisema tumwombee, na tumemwombea.

Mimi nikachukua dawa niliyoona iko karibu. Nikawa namwongelea.

Akiulizwa jina na mgeni, nataja mimi. Akianza sentensi, namalizia mimi. Dukani naagiza mimi, kwa daktari naeleza mimi, akipigiwa simu na bibi yake nachukua mimi, "Nasra anakusalimia, anasema shule inaenda vizuri." Nilikuwa nafanya haraka, kabla watu hawajaona amekwama. Na watu walikuwa wananisifia, "Mama Nasra unampenda mwanao."

Nilikuwa nampenda. Nampenda. Hilo halina mjadala.

Basi bwana, mwaka juzi mwishoni sauti yangu ikaanza kukwaruza. Nikafanya wanavyofanya watu wote, tangawizi, asali, limau, vipipi vya kifua. Inapona siku mbili, inarudi vilevile. Miezi ikapita. Mume wangu ananiambia nenda hospitali, namwambia nitaenda, msimu ukiisha. Kariakoo msimu hauishi, ukiisha wa sikukuu unaanza wa shule.

Jumamosi moja nimeshika maiki asubuhi, mtaa umejaa. Nikafungua mdomo kumsimamisha dada mmoja, ikatoka hewa. Nikajaribu tena, hewa. Mama Hansa akanitazama akiwa ndani. Akazima spika mwenyewe, akaniambia, "Nenda hospitali leo hii, na usirudi hapa bila majibu."

Nikaenda. Daktari wa masikio, pua na koo akapitisha kamera nyembamba puani, akanionyesha kwenye skrini. Nyuzi za sauti zimeota vinundu, pande mbili zote. Akasema vinatokana na kutumia sauti kwa nguvu muda mrefu. Akasema tusikimbilie kupasua, tujaribu kwanza kupumzisha.

"Wiki tatu usiongee," akasema.

Nikafungua mdomo kuuliza, akaninyooshea kidole.

"Hata kunong'ona usinong'one. Kunong'ona ni kubaya zaidi. Tafuta daftari."

Wakuu, mimi ni mtu ambaye hata nikiosha vyombo naongea na sufuria. Nilitoka pale nikasimama kwenye kibaraza cha hospitali kama mtu aliyefiwa. Kazi yangu ni mdomo. Ndoto yangu ni mdomo. Sikuwa na kitu kingine.

Na ilikuwa ndiyo shule zimefunga. Nasra yuko nyumbani, mume yuko zamu za mchana wiki hiyo, mama yangu kasafiri kwenda kwa mdogo wangu. Maana yake kila mahali naenda na Nasra, na mimi ni bubu.

Siku ya kwanza tulienda genge la mtaani kununua mboga. Dada wa genge kanisalimia, "Mama Nasra za asubuhi?" Nikamwonyesha koo, nikatikisa kichwa. Daftari nimeliacha kitandani. Dada wa genge akamgeukia Nasra.

"Nikupe nini mama?"

Nasra akaniangalia. Alikuwa ananiangalia kama siku zote, ananisubiri niongee. Mimi nikamwangalia. Kidole changu kilishaanza kunyooka kuelekea kwenye nyanya, na sijui ni nini kilinizuia, nadhani ni kwa sababu nilikuwa na mkoba mkono huu na ndoo mkono ule.

"Ny... ny..." akaanza.

Likagoma. Shingo ikakaza. Nikahesabu kimoyomoyo nikafika kumi na kitu. Ndani yangu kulikuwa kunawaka moto, wallahi nilikuwa nasukuma lile neno kwa macho. Dada wa genge naye akawa anapanga bamia zake taratibu, hana haraka.

"Nyanya," Nasra akasema. "Na vi-vi-vitunguu. Na hoho moja."

Dada wa genge akafunga vitu, akampa, akamwambia, "Haya, msalimie baba." Basi. Hakuna aliyekufa. Dunia iliendelea.

Tulipokuwa tunarudi nilimwona anatembea mbele yangu ameshika ule mfuko wa nyanya kama zawadi.

Kesho yake tukaenda Kariakoo kumpa Mama Hansa majibu. Safari hii nilijiandaa. Nilikuwa nimeandika barua nzuri, ukurasa mzima, nimeeleza vinundu, wiki tatu, kila kitu. Nikamkabidhi.

Mama Hansa akaiangalia, akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Miwani nimeacha nyumbani," akasema. Akampa Nasra. "Nisomee mwanangu."

Kusoma kwa sauti ndiyo kitu kigumu kuliko vyote kwake. Ukiongea unaweza kukwepa neno ukatumia lingine. Ukisoma huwezi. Nikanyoosha mkono kuichukua ile barua ili nitafute mtu mwingine asome, lakini Nasra alishaigeuza akaiweka juu ya kaunta, maandishi chini. Akaanza kusema kwa maneno yake.

"Shi-shikamoo. Mama... mama haruhusiwi ku-ku-ku..."

Na hapo nje, wakuu, sauti yangu ya kwenye klipu inatangaza. Inacheka, inaita watu, inateleza kama mafuta, "karibu dada, karibu kaka, pazia ni sura ya nyumba." Ndani mwanangu anapigana na neno moja, na mimi nimesimama katikati sina hata moja la kwangu.

Kulikuwa na mteja mmoja, mwanaume, mtu mzima kabisa, anasubiri risiti. Akacheka. Akamwambia Mama Hansa, "Huyu redio yake inakwamakwama, badilisha betri."

Ningekuwa na sauti yule baba angenijua. Ningemsema mpaka mtaa wa pili wangekuja kuangalia. Na mwanangu angekuwa amejificha nyuma ya gauni langu, kama kawaida yake.

Nasra akamgeukia.

"Si-si-sijamaliza," akamwambia.

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama unavyomwambia mtu amekaa kwenye kiti chako.

Mama Hansa hakupandisha sauti. Akamwambia yule mteja, "Umesikia, hajamaliza." Akaweka kalamu chini, risiti ikasimama, akaegemea kaunta akamwangalia mwanangu.

Nasra akamaliza. Ilichukua muda. "Mama haruhusiwi kuongea wiki tatu. Hata kunong'ona. Daktari amesema atapona. Na ana-anaomba usimpe mtu mwingine na-nafasi yake."

Ile sentensi ya mwisho haikuwa kwenye barua. Mimi sikuiandika. Niliona aibu kuiandika.

Mama Hansa akachukua kalamu yake. Kisha akamjibu Nasra, sio mimi. "Mwambie mama yako nafasi yake ipo."

Nilikaa juu ya robota nikajifuta uso na kanga.

Sasa nawaletea sehemu iliyoniumiza, na bila hii nisingeandika uzi.

Kama siku nne baadaye tuko uani tunaanua nguo. Nasra anakunja, mimi nakunja. Nyumba imetulia, haijawahi kutulia hivyo tangu tuhamie. Akaanza kuongea mwenyewe, bila kuulizwa.

"Mama, we-wewe unajua kitu gani ki-kinaniudhi?"

Nikatikisa kichwa.

"Ukinimalizia."

Nikanyoosha mkono kuchukua daftari langu nijibu. Akaweka kiganja chake juu ya daftari.

"Usi-usiandike. Sikiliza."

Akaniambia. Alichukua muda mrefu, na sitaweza kuandika yote, mengine ni yetu. Lakini alisema wanaomcheka shuleni hawamuudhi kama mimi, kwa sababu wale wakishacheka wanaondoka, na yeye neno lake analo bado. Mimi nikimmalizia, nalichukua. Alisema mara nyingi ninachomalizia sio alichotaka kusema. Siku moja alitaka kuniambia anaogopa kwenda kwenye sherehe fulani, akaanza "Mama mimi nao...", mimi nikamalizia "naomba nguo mpya, haya nitakununulia." Nikamnunulia. Akaivaa, akaenda, akashinda analia chooni. Mimi niliambiwa na watu kwamba alipendeza.

Halafu akasema, "Na-nadhani unanionea aibu."

Nilitamani kuvunja amri ya daktari. Nilikuwa na maneno elfu ya kujitetea. Kwamba nilikuwa namkinga. Kwamba siwezi kumwangalia anateseka. Yote ni kweli, na yote yangekuwa kumkatisha tena.

Nikamkumbatia tu. Akaniacha, halafu akanisukuma kidogo, akasema, "Nguo za-zitakunjamana." Tukaendelea kukunja.

Jioni baba yake aliporudi kazini nilimwandikia kwenye daftari. *Ulijua kwamba nikimmalizia maneno anaumia?*

Akasoma. Akasema, "Nilijua."

*Kwa nini hukuniambia?*

Akavua viatu kwanza. Akasema, "Nilianza kukuambia mara mbili. Na mimi ulinimalizia."

Wakuu, nilicheka bila sauti mpaka machozi yakatoka, na katikati ya kicheko nikajua sicheki tena. Yeye akanishika bega. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mume wangu alinisimulia kazini kwake kunakuwaje, tangu anaingia getini mpaka anatoka. Kumbe anajua kusimulia. Kumbe ni mcheshi.

Wiki tatu zikaisha. Daktari akaangalia, akasema vinundu vimepungua sana, ila ile kazi ya kushindana na mtaa kwa sauti niisahau. Nikirudia, safari ijayo ni kisu. Akaniambia nijaribu kusema kitu. Nikasema "Asante daktari," na sauti iliyotoka sikuijua. Imeshuka, nzito, ina mkwaruzo kwa chini. Ile kengele yangu ya utotoni imekwenda.

Nikamuuliza na habari za mtoto. Akatuelekeza kwa mtaalamu wa tiba ya matamshi. Sikujua kama wapo, na ni wachache kweli, tulisubiri zaidi ya mwezi kupata nafasi. Dada mmoja mpole sana. Kitu cha kwanza aliniambia ni kwamba kigugumizi sikumsababishia mimi, nisibebe huo mzigo. Cha pili ni kwamba nisimmalizie, nisimwambie "tulia" wala "vuta pumzi", nimwangalie usoni nisikilize anasema nini badala ya anasemaje. Nasra alikuwa amekaa pembeni yangu anaitikia kwa kichwa kama hakimu.

Kuna jambo sijawaambia. Mwaka mmoja kabla ya haya nilienda shuleni kwao nikamwomba mwalimu wa darasa asimsimamishe Nasra kusoma mbele ya wenzake. Mwalimu akakubali. Nilifanya bila kumwambia Nasra. Yeye akadhani mwalimu amemwona hafai.

Shule zilipofunguliwa nikamwambia ukweli, nikamwomba msamaha. Alinuna siku nzima, haki yake. Kesho yake akasema twende kwa mwalimu. Nilidhani anataka mimi nikaongee. Tulipofika ofisini akanigusa mkono nikae, akasimama yeye.

"Mwalimu, na-naomba nirudishwe kwenye zamu ya kusoma. Nita-nitachelewa kumaliza. Lakini na-nataka."

Mwalimu akauliza, "Wakicheka?"

"Wa-watachoka."

Nikakaa pale mikono chini ya mapaja. Mdomo nilio nao, nilikaa kimya. Nawaambieni ile ya daktari ilikuwa rahisi kuliko hii.

Wamecheka. Sitawadanganya. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani analia siku mbili. Wiki ya tatu alirudi anasimulia hadithi aliyosoma, na hakugusia kama walicheka au hawakucheka. Kigugumizi bado anacho na huenda atakuwa nacho ukubwani. Kuna siku nzuri, kuna siku neno "mama" lenyewe linagoma. Ila anaongea. Jamani huyu mtoto ana maneno. Sijui alikuwa ameyaweka wapi.

Na mimi je?

Mama Hansa alitimiza neno lake, ila kwa namna yake. Akaniambia maiki ya mtaani basi, "sitaki kukuzika kwa ajili ya mapazia." Akataka nimwandikie na kumrekodia klipu mpya, kwa hiyo sauti mpya. Niliogopa haitauza. Nikarekodi nyumbani nimejifungia kabatini katikati ya nguo ili mwangwi usiingie, jasho linanitoka, Nasra mlangoni anazuia watu. Klipu haikupiga kelele. Ilikuwa inaongea kama mama anaongea na mama mwenzake. Watu wakawa wanasimama kusikiliza, kwa sababu mtaa mzima unapiga kelele isipokuwa duka moja. Duka la jirani likaniita, na lingine. Sasa hivi hiyo ndiyo kazi yangu, kuandika na kurekodi.

Mwezi uliopita nikajipa moyo, nikatuma sauti yangu kwenye redio moja ndogo ya hapa mjini. Sio ile ya zamani. Wakaniita. Nina miaka thelathini na tatu, nimekaa kwenye benchi na mabinti wa miaka ishirini wamependeza, nikasema leo nimekuja kujiaibisha. Nikasoma ukurasa mzima, hakuna aliyeniomba nirudie. Mama aliyekuwa anasikiliza akaniuliza, "Hii sauti umeifanyia mazoezi wapi?" Nikamwambia nilinyamaza wiki tatu. Akadhani natania.

Wamenipa matangazo madogo ya asubuhi, Jumamosi na Jumapili, kwa majaribio ya miezi mitatu. Sio taarifa ya habari. Sijui wataniongezea au wataniambia asante. Lakini Jumamosi ya kwanza mama yangu alipiga simu, na kwa kile kisauti chake kidogo akasema, "Nimekusikia. Nimewaita na majirani." Akanyamaza. Mimi nikasubiri. Kisha akasema, "Nilijua tu kwamba utafika." Zamani ningekuwa nimeshajibu kabla hajalisema hilo.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mimi nilidhani kumpenda mtoto ni kumwondolea kila kinachomkwama. Mtoto wangu alichokuwa anataka ni mtu wa kumsubiri. Na kusubiri kunauma, wazazi wenzangu, kunauma mwilini kabisa, msidhani ni kukaa tu.

Kama humu kuna mtu mzima mwenye kigugumizi, naomba sana maoni yako. Ulipokuwa mdogo ulitaka wazazi wakufanyie nini? Na shuleni ulivukaje? Wazazi wenye watoto wa aina hii pia karibuni, hata kama ni kunisema, semeni.

Nitajibu taratibu, kwa sababu hapa nilipo Nasra amesimama mbele yangu anaeleza sababu zake za kutaka simu ya kwake. Ameanza muda, yuko kwenye sababu ya nne, na neno "usalama" limemgomea. Jibu ni hapana. Lakini ngoja kwanza amalize.